Tone Moja la Damu Kisiginoni

Hebu fikiria uko ufuoni Dunga, unangoja ngege wako akaangwe. Kando yako mama ananyonyesha kachanga ka siku tatu. Kanaonekana kazima kabisa. Sasa utajuaje kama kamezaliwa na ugonjwa wa kurithi?

Swali hilo lilimnyima usingizi Robert Guthrie, Mmarekani aliyezaliwa 1916. Alikuwa mtafiti wa saratani, na mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka wa 1958 mpwa wake akapatikana na PKU, ugonjwa ambao lishe maalum ingeudhibiti. Lakini wapi! Ubongo ulikuwa umeshadhurika.

Guthrie hakukaa kulia tu. Alibuni kipimo rahisi: unachoma kisigino cha mtoto, tone la damu linakaukia kwenye karatasi, unaituma maabara hata kwa posta. Alifariki 1995, mamilioni ya watoto wakiwa wameshapimwa. Mwaka wa 2008 jimbo la Wisconsin likaanza kutumia matone kama hayo kutafuta watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili.

Turudi Dunga. Huku kwetu kando ya ziwa, selimundu ndiyo tishio. Huharibu wengu, na bila wengu bakteria humshinda mtoto haraka. Tone lile lile laweza kuifichua mapema, mtoto akaanzishiwa penisilini na chanjo kabla hajaugua.

Wewe ni mzazi wa kesho. Siku ikifika, uliza kliniki kuhusu kipimo hicho. Mpwa wa Guthrie alichelewa, wako asichelewe.