Althea Gibson: Bingwa Aliyekuwa wa 27

Kila tukutanapo shuleni twapenda kuhesabu vikombe. Mimi leo nitamweleza mwanamke aliyejaa vikombe akakosa kodi ya nyumba.

Althea Gibson alizaliwa mwaka 1927 South Carolina, Marekani, kwa wakulima wa pamba, akakulia Harlem, New York. Mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kukubaliwa katika mashindano ya taifa ya tenisi. Alishinda Ufaransa mwaka 1956, kisha Wimbledon na Marekani mwaka 1957 na 1958. Tenisi hiyo ilikuwa ya ridhaa. Bingwa alipewa sahani, si mshahara.

Akageukia michezo ya kulipwa. Alizunguka na timu ya kikapu ya Harlem Globetrotters, akicheza tenisi kabla ya watu kuona walichokuja kukiona. Mwaka 1964 akaingia gofu ya kulipwa, mwanamke Mweusi wa kwanza. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Vilabu vingine vilimkataza kuingia ndani, akabadilishia viatu garini, kisha akashindana na wale waliobadilishia ndani. Hakushinda hata shindano moja. Mwaka 1966 alikuwa wa 27 kwa mapato, na hakupanda zaidi. Mwaka 1970 alifungana kileleni na wenzake, akashindwa mchezo wa kuamua.

Tenisi ilipowafungulia milango wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, alikuwa na miaka 40.

Uzeeni alikosa hata fedha ya dawa (nami mtumishi wa serikali nikakumbuka pensheni yangu), mpaka Angela Buxton, mwenzake wa Wimbledon ya 1956, alipomchangishia. Alifariki mwaka 2003.