Alfred Russel Wallace: Mpima Ardhi Aliyetambua Mahali pa Kila Kiumbe

Kila atajwapo Charles Darwin, jina la Alfred Russel Wallace hufuata nyuma yake kwa sentensi moja au mbili, kisha husahauliwa. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu huyu kwa ukamilifu zaidi. Hatukusudii kushindanisha majina ya wakubwa. Twamweleza kwa sababu alitoka katika nyumba ya dhiki, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, na hata hivyo akatambua mambo mawili ambayo mataifa mengi hata sasa hayajayakubali kwa vitendo. La kwanza ni kwamba kila kiumbe kina mahali pake, na mahali hapo pakiharibiwa kiumbe nacho hupotea. La pili ni kwamba ardhi ibebayo uhai huo haiwezi kuwa salama mikononi mwa wachache wenye tamaa.

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 huko Llanbadoc, karibu na mji mdogo wa Usk katika nchi ya Wales. Baba yake alikuwa amesomea sheria, lakini mali aliyoirithi ilipotea katika shughuli zisizofaulu, na jamaa nzima ikawa yahamahama ikitafuta mahali penye maisha nafuu. Fedha zilipokwisha, mtoto alitolewa shuleni akapelekwa London kwa ndugu yake John, aliyekuwa akijifunza useremala. Mchana alikaa na mafundi. Jioni alikwenda katika ukumbi ambamo wafanya kazi walikutana kusoma na kujadiliana. Humo ndimo alimopata mafundisho ya Robert Owen, aliyeamini kwamba tabia ya mtu huumbwa na hali anayoishi ndani yake, na kwamba ushirikiano una faida kubwa kuliko mashindano. Mafundisho hayo hayakumtoka moyoni hadi kufa kwake.

Mwaka 1837 alianza kazi ya kupima ardhi pamoja na kaka yake William. Yatupasa kuieleza kazi hiyo, kwani ndiyo iliyomfumbua macho baadaye. Katika Uingereza na Wales yalikuwako malisho na vichaka ambavyo wanavijiji walivitumia kwa pamoja tangu kale: maskini alichunga ng'ombe wake mmoja humo, akaokota kuni na kuchuma matunda ya mwitu. Kwa sheria zilizopitishwa na Bunge, ardhi hiyo ilizungushiwa ua na kugawiwa, na sehemu kubwa ikawaangukia makabaila ambao tayari walikuwa na nyingi. Mpimaji ndiye aliyekwenda mbele na mnyororo wake. Kijana Wallace aliushika mnyororo huo, akachora ramani na kupokea ujira, bila kuona kosa lolote. Alipokuwa mzee, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1905, alikiri waziwazi kwamba ule ulikuwa unyang'anyi wa mali ya maskini uliohalalishwa na sheria.

Lakini katika mashamba yale yale alijifunza kutazama. Alinunua kijitabu cha bei ndogo kuhusu mimea, akaanza kukusanya majani na maua na kuyalinganisha. Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu katika mji wa Leicester, akakutana na kijana mwenziwe, Henry Walter Bates, aliyekusanya mbawakawa. Vijana hawa wawili hawakuwa na mali wala vyeo. Walipatana kwenda Amerika ya Kusini kukusanya ndege na wadudu, wauze kwa wenye majumba ya makumbusho huko Ulaya, na fedha hizo ziwalipie gharama za elimu waliyoitafuta. Mwaka 1848 wakafika kwenye mdomo wa mto Amazon.

Wallace alikaa huko miaka minne, naye aliliona jambo ambalo wengi waliomtangulia hawakulijali. Aina fulani za nyani waliishi ukingo mmoja wa mto mkubwa, na ng'ambo ya pili hawakuonekana, badala yao wakawako wengine waliofanana nao. Wakusanyaji wa siku zile waliridhika kuandika juu ya kibandiko kwamba mnyama ametoka Amazon, kana kwamba nchi yote ile ni chumba kimoja. Wallace, aliyezoea kupima mipaka ya mashamba, aliuliza mpaka wa kila mnyama uko wapi, na kwa nini uko hapo. Mpimaji alikuwa bado kazini, ila sasa alipima milki za viumbe wasio na hati.

Safari hiyo ilimgharimu sana. Mdogo wake Herbert, aliyemfuata huko, aliuawa na homa ya manjano mwaka 1851. Mwaka uliofuata, Wallace akirejea kwao, meli yake iitwayo Helen ilishika moto katikati ya bahari ya Atlantiki. Karibu kila kitu alichokuwa nacho melini, ndege, wadudu na madaftari, kiliteketea mbele ya macho yake. Yeye na mabaharia walikaa siku kumi katika mashua zilizovuja kabla ya kuokolewa na meli nyingine. Mtu mwingine angetafuta kazi ya mezani. Yeye, baada ya mwaka mmoja na nusu, alisafiri tena, na mwezi wa Aprili 1854 akashuka Singapore.

Miaka minane alizunguka katika visiwa ambavyo leo vimo katika nchi za Malaysia na Indonesia. Hapa hatuna budi kumtaja kijana Mmalay wa Sarawak aliyeitwa Ali, ambaye Wallace alimwajiri mwaka 1855. Ali alianza kama mpishi na mtumishi, akajifunza kuwinda na kuchuna ndege, na kwa muda wa miaka mingi alikuwa mkono wa kuume wa bwana wake. Ndiye aliyemletea, katika kisiwa cha Bacan mwaka 1858, ndege wa peponi ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamemjua kamwe. Ndege huyo akapewa jina la Wallace. Wallace hakuficha mchango wa Ali katika maandiko yake, lakini kanuni ya dunia ya siku zile ilikuwa ile ile wanayoijua wafanya kazi wote: jasho la mmoja, jina la mwingine.

Mwaka 1856 Wallace alivuka kutoka Bali kwenda Lombok. Mlango wa bahari uliopo kati ya visiwa hivyo ni mwembamba, na siku ya anga safi mtu husimama upande mmoja akaiona milima ya upande wa pili. Hali ya hewa ni moja. Walakini katika Bali aliona ndege wa jamii za Asia, kama zuwakulu na vigotagota. Alipofika Lombok hao hakuwaona, akawakuta kasuku weupe wenye vishungi na ndege wafukiao mayai yao katika marundo ya udongo na majani, ambao ni jamii za upande wa Australia. Alitambua kwamba amevuka mpaka mkubwa wa uhai wa dunia, na mpaka huo huitwa mstari wa Wallace hadi leo. Sababu yake sasa yajulikana vema. Zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Bali, Java, Sumatra na Borneo viliungana na bara la Asia, na wanyama wakavipitia kwa miguu. Mlango wa Lombok, kwa kuwa ni wa kina kirefu, haukukauka kamwe.

Mwezi wa Februari 1858, akiwa mgonjwa wa homa katika visiwa vya Maluku, alipata wazo lililojibu swali lake la miaka mingi. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Watoto hao hutofautiana kidogo kidogo. Wale ambao tofauti zao zawafaa mahali walipo ndio wabakiao na kuzaa, na hivyo kwa muda mrefu jamii hugeuka. Aliandika maelezo yake akampelekea Darwin, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akilishughulikia wazo hilo hilo kimya kimya. Tarehe 1 Julai 1858 maandiko ya wote wawili yalisomwa pamoja huko London, na Wallace, aliyekuwa mbali, hakuulizwa wala kuarifiwa kwanza. Hakuona kinyongo. Aliendelea kumheshimu Darwin maisha yake yote.

Aliporudi Uingereza mwaka 1862, hesabu ya viumbe alivyokusanya na wasaidizi wake ilikuwa 125,660, ambavyo zaidi ya 80,000 ni mbawakawa. Tusifiche kwamba aliua ili ajifunze, na aliuza ili aishi. Hata orangutani wa Borneo aliwapiga risasi, si mmoja wala wawili. Lakini mkono ule ule ulioshika bunduki uliandika onyo. Mwaka 1857, katika visiwa vya Aru, alipomshika mikononi ndege mdogo wa peponi mwenye rangi ya damu, alihuzunika. Alifikiri kwamba ndege yule alikuwa ameishi vizazi na vizazi bila kuonwa na mtaalamu, kwa hiyo hakuwekwa duniani kwa ajili ya binadamu peke yake. Akaona pia kwamba siku watu wa mataifa yenye nguvu watakapoingia katika misitu ile, watavunja mizani ya uhai wake hata wale waliokuja kuwastaajabia watoweke.

Mwaka 1863 alizisihi serikali na vyama vya elimu huko London. Alivifananisha viumbe na herufi za kitabu cha historia ya dunia: herufi zikifutwa hapa na pale, maneno hayasomeki tena, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha. Alisema kwamba vizazi vijavyo vitatulaumu kwa kuwa tuliviacha viteketee vitu tulivyokuwa na uwezo wa kuvihifadhi.

Mfano wake ulio wazi kupita yote ni ule wa kisiwa cha St Helena, alioueleza katika kitabu chake cha mwaka 1880 kuhusu visiwa. Wasomaji wetu wa pwani watakumbuka kwamba ndicho kisiwa ambako Waingereza walimhamishia Khalid bin Barghash wa Unguja. Wareno walipokiona mwanzoni mwa karne ya 16, kilifunikwa na msitu. Mwaka 1513 waliachiwa mbuzi humo. Mbuzi hawakuangusha mti mkubwa hata mmoja. Walikula miche tu. Miti mizee ilipokufa au kukatwa kwa kuni, hapakuwa na michanga ya kuirithi. Mvua ikaja juu ya miteremko mikali isiyo na mizizi, ikachukua udongo baharini, na udongo ulipokwenda, msitu haukuweza kurudi hata kama mbuzi wangeondolewa. Mimea na wadudu wasiopatikana penginepo duniani wakafa pamoja nao. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Na hapa aliyechovya hata hakujua kwamba lipo buyu.

Basi si ajabu kwamba mtu aliyeona hayo aligeukia swali la ardhi. Mwaka 1878, msitu wa Epping kandokando ya London ulipookolewa kwa sheria, baada ya wakazi wake wa kawaida kuipigania haki yao ya kukata kuni, Wallace aliomba awe mtunzaji wake. Hakupewa kazi hiyo. Mwaka 1881 akawa rais wa kwanza wa chama kilichodai ardhi ya Uingereza iwe mali ya taifa zima, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Kijana aliyeupitisha mnyororo katika malisho ya maskini alitumia uzee wake kudai yarudishwe. Mwaka 1889 alijitangaza kuwa mjamaa.

Hatusemi kwamba hakukosea. Aliamini mambo ya kuita mizimu, na alipiga vita chanjo ya ndui, jambo ambalo lingewadhuru watu wengi kama angesikilizwa. Mtu aweza kuwa na macho makali msituni akapapasa penginepo. Kwa kazi yake ya maisha hakujitajirisha. Alihangaika kwa fedha hadi mwaka 1881, alipopewa malipo ya uzeeni ya paundi 200 kwa mwaka, Darwin akiwa miongoni mwa waliomwombea. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na umri wa miaka 90.

Tukitazama leo visiwa alivyovizunguka, twaona onyo lake limetimia. Chui-milia wa Bali alitoweka kabisa katika karne ya 20. Orangutani wa Borneo, tangu mwaka 2016, amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, kwa sababu misitu yake yakatwa kwa mbao na kwa mashamba makubwa ya michikichi, na yeye mwenyewe huwindwa. Bunduki yaweza kuwekwa chini leo, na wanyama wakazaana tena kesho. Msitu uliofutwa hauna kesho ya namna hiyo kwa mnyama asiye na mahali pengine.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu wafanya kazi na wakulima: msitu wa chemchemi, kinamasi na kichaka cha kijiji visihesabiwe kuwa ardhi tupu inayongoja mwenyewe. Vina wenyewe tayari, wenye mabawa na wenye mizizi, na wenyewe wengine ni watoto wetu ambao hawajazaliwa. Atakapokuja mtu na kamba ya kupimia, swali la kwanza tumwulize ni hili: apima kwa ajili ya nani, na ni nani atakayefukuzwa?