Charlie Parker: Mpuliza saksafoni aliyeishi na ala za kuazima

Mwezi Septemba 1994, kwenye mnada mjini London, saksafoni moja ya plastiki iliuzwa kwa pauni 93,500. Mnunuzi alikuwa Emanuel Cleaver, meya wa jiji la Kansas City, Marekani, aliyeinunua kwa niaba ya jiji lake. Ilipokuwa mpya, saksafoni ya aina hiyo ilikuwa ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiomudu kununua ya shaba. Aliyeipandisha thamani ni mtu mmoja aliyewahi kuipuliza, Charlie Parker, ambaye siku ya mnada alikuwa amefariki miaka 39 iliyopita.

Wasikilizaji wetu wapenzi wa muziki wa dansi wanaijua saksafoni, ile inayoitwa mdomo wa bata. Mpulizaji hutia mdomoni kipande chenye ulimi mwembamba wa mwanzi. Pumzi yake inautikisa ulimi huo, sauti inapita kwenye bomba, na vidole vinafungua na kufunga matundu yenye vifuniko vilivyowekwa ngozi. Ngozi ikichakaa, hewa inavuja na sauti inakwama. Ndiyo maana wapulizaji huchagua ala kwa makini, na wengi wakishapata inayowafaa hawaiachi. Lester Young alijulikana kwa Conn, John Coltrane kwa Selmer ya Ufaransa. Hadi leo wako watu wanaozisaka saksafoni za zamani za majina hayo, wakiamini hazina mfano.

Parker hakuwa na bahati ya kukaa na ala moja. Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1920 mjini Kansas City, upande wa jimbo la Kansas, akakulia ng'ambo ya pili, upande wa Missouri. Baba hakukaa na familia. Mama yake, Addie, alifanya usafi maofisini usiku, na kwa kipato hicho alimnunulia mwanawe saksafoni kuukuu. Mama akienda kazini, kijana naye alitoka. Kansas City ya miaka ya 1930 ilikuwa na klabu nyingi zilizopiga muziki hadi alfajiri, naye alijibanza huko kusikiliza wakubwa.

Mwaka 1936 alijitosa kupiga pamoja nao katika klabu ya Reno. Alipotea njia katikati ya wimbo. Mpiga ngoma Jo Jones akachukua sahani ya shaba ya ngoma zake na kuitupa chini miguuni pa kijana, ishara ya kumwondoa. Watu walicheka. Majira ya joto yaliyofuata Parker alikwenda na bendi kwenye milima ya Ozark, akiwa na santuri za Lester Young, akawa anazirudia kipande kwa kipande. Baadaye alieleza kwamba kwa miaka mitatu au minne alikuwa akifanya mazoezi kwa muda wa saa 11 hadi 15 kila siku.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa 1936, alikuwa amepata ajali ya gari akiwa njiani kwenda kupiga muziki, akavunjika mbavu. Masimulizi yanasema fidia ya ajali ile ndiyo iliyompatia saksafoni mpya, na dawa za kutuliza maumivu ndizo zilizomfungulia mlango wa uraibu. Kama ni kweli, basi siku moja ilimpa ala na pia ikampa kitu kitakachomnyang'anya ala hiyo tena na tena. Kijana huyo hakuwa ametimiza hata miaka 20 alipokuwa tayari mtumiaji wa heroini.

Hapa tueleze kidogo habari ya duka la rehani. Unapeleka mali yako, unapewa pesa, na usipoikomboa kwa muda uliopangwa, mali inauzwa. Kwa mwanamuziki, saksafoni ndiyo jembe lake. Parker aliipeleka jembe hilo rehani mara nyingi, na usiku wa kazi ulipofika aliazima kwa wenzake. Wengine walimpa kwa shingo upande, wakihofia kwamba nayo itaishia dukani. Lakini alipoipuliza, ilitoa sauti ileile ya Charlie Parker.

Sauti hiyo ndiyo iliyobadilisha jazi. Pamoja na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na wengine mjini New York, katika miaka ya 1940 alijenga mtindo wa bibopu, muziki wa kasi, wenye mikato isiyotarajiwa, wa kusikiliza zaidi kuliko kucheza. Santuri yake ya Ko-Ko, iliyorekodiwa Novemba 1945, bado huwatoa jasho wanafunzi wa saksafoni.

Mwaka 1946, akiwa California, afya yake ilivunjika kabisa, akalazwa miezi sita katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Camarillo. Alirudi New York 1947 akiwa na nguvu, na ya mwaka huohuo ndiyo saksafoni yake ya kujivunia: King Super 20, kutoka kiwanda cha H. N. White cha Cleveland. Sasa iko katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Afueni haikudumu. Mwaka 1951 alinyang'anywa kadi iliyomruhusu mwanamuziki kufanya kazi kwenye klabu za New York. Kwa karibu miaka miwili, mji uliokuwa na klabu iliyopewa jina kutokana na lakabu yake, Birdland, haukumruhusu kupiga muziki klabuni. Aliishi kwa safari.

Moja ya safari hizo ilimpeleka Toronto, Kanada, tarehe 15 Mei 1953. Katika ukumbi wa Massey alipanda jukwaani na Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Usiku huo kulikuwa na pambano la ndondi la Rocky Marciano na Jersey Joe Walcott, na viti vingi vilibaki vitupu. Parker alishika saksafoni nyeupe ya plastiki aina ya Grafton, iliyotengenezwa London. Habari inayosimuliwa zaidi ni kwamba yake ya shaba ilikuwa rehani. Grafton ilikuwa rahisi kupasuka na ngumu kutengeneza, na kiwanda kiliacha kuitoa mwishoni mwa miaka ya 1960. Sisi tumeisikiliza rekodi ya usiku ule mara kadhaa, na tungekuwa hatujaambiwa, tusingejua kama ni plastiki. Hata jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Kwa sababu ya mkataba na kampuni nyingine, aliitwa Charlie Chan.

Machi 1954 binti yake Pree alifariki akiwa na miaka miwili, wakati baba yuko kazini California. Baada ya hapo Parker hakuinuka tena. Alifariki tarehe 12 Machi 1955 New York, katika makazi ya hotelini ya rafiki yake Pannonica de Koenigswarter. Daktari aliyeutazama mwili alimkadiria umri wa zaidi ya miaka 50. Alikuwa na miaka 34.

Saksafoni ya plastiki ilirudishwa Kansas City, ikawekwa kwenye jumba la makumbusho ya jazi. Kaburi lake liko karibu na mji huohuo. Juu ya jiwe wamechonga saksafoni ya tena, ile kubwa, ilhali yeye anajulikana kwa alto.