Al-Biruni na Punje za Sataranji

Katika wanavyuoni wa Kiislamu walioipenda hisabu, ni wachache wamfikiao Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo Uzbekistan. Vita vya wafalme vilimtoa kwao angali kijana, akawa mtu wa kuhamahama. Lakini kalamu hakuiweka chini.

Yapata mwaka 1000, akiwa Jurjan kwa mfalme Qabus, aliandika Al-Athar al-Baqiya, kitabu cha kalenda za mataifa. Humo alitia ile hesabu mashuhuri ya sataranji: nyumba ya kwanza punje moja, ya pili mbili, ya tatu nne, vivyo hivyo hadi ya 64. Je, jumla ni ngapi?

Hakujumlisha nyumba moja moja. Aling'amua kuwa jumla yote hupungua moja tu kwa ile ambayo ingekuwa nyumba ya 65. Basi 16 ya nyumba ya tano huzidishwa kwa nafsi yake, ikawa 256; nayo vivyo hivyo, 65,536; mara ya tatu, 4,294,967,296; mara ya nne, kisha huondolewa moja. Jawabu ni 18,446,744,073,709,551,615.

Nambari hiyo ina siri zake. Hugawika bila baki kwa 3, 5, 17, 257 na 4,294,967,297. Hiyo ya mwisho ilidhaniwa haigawiki, mpaka mwaka 1732 Euler, mtu wa Uswisi, alipoonyesha kuwa 641 huigawa.

Na ukubwa wake? Tuseme punje ni za mtama, 40 kwa gramu moja. Uzito wake ni tani bilioni 461. Ukizimwaga juu ya Kitui na Makueni, nchi ya Wakamba ambako mtama hulimwa kwa kubahatisha mvua, kilomita mraba zaidi ya 38,000, kila mita mraba itabeba tani 12, na rundo litapita mita 15 kwenda juu. Mlima na bonde vyote vingefunikwa, wala pasingebaki mahali pa kusimama mwenye kuzihesabu.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, akamchukua al-Biruni hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Huko ugenini alijifunza Kisanskriti, na mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi.

Alifariki karibu na mwaka 1050. Husimuliwa kwamba akiwa katika sakarati alijiwa na fakihi mmoja, akamwuliza mas'ala ya mirathi. Mgeni akastaajabu kuulizwa saa ile. Al-Biruni akamjibu kuwa kuiaga dunia akiijua mas'ala hiyo ni bora kuliko kuiaga asiijue. Fakihi akamfafanulia, akatoka; hajafika mbali akasikia kilio nyumbani. Mwenyezi Mungu amrehemu.