Ushindi wa Seneta Douglas

Mjini Chicago, karibu na ufuko wa ziwa Michigan, pana kaburi lenye mnara mrefu wa mawe, na juu ya mnara huo imesimama sanamu ya Stephen Arnold Douglas. Watu wengi humjua kwa jambo moja tu, ya kuwa alishindana na Abraham Lincoln. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika uchaguzi wa mwaka 1858, uliowapatia wote wawili sifa katika Marekani nzima, mshindi alikuwa Douglas. Tumeona yafaa kuyasimulia maisha yake, kwa maana yana mafundisho kwa kila nyumba yenye watu wapigao kura.

Douglas alizaliwa Brandon, katika jimbo la Vermont, tarehe 23 Aprili 1813. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki mtoto akingali mchanga. Kijana akajifunza useremala, kisha mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 20, akashika njia ya magharibi mpaka Illinois. Huko alifundisha shule katika mji mdogo wa Winchester, huku akisoma sheria. Alipotimiza miaka 27 alikuwa amekwisha kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Mwaka 1843 aliingia Baraza la Wawakilishi la taifa, na mwaka 1847 Baraza la Seneti. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini sauti yake na akili yake vilijaza ukumbi, hata watu wakamwita Jitu Dogo.

Jambo lililoisumbua nchi yake siku zile lilikuwa utumwa. Mapatano ya mwaka 1820 yalikuwa yamepiga marufuku utumwa katika sehemu kubwa ya nchi za magharibi. Mwaka 1854 Douglas alipitisha sheria ya Kansas na Nebraska, iliyoyafuta mapatano hayo. Tangu hapo walowezi wa kila nchi mpya wangeamua wenyewe kwa kura kama watafuga watumwa au la. Yeye alitangaza kwamba uamuzi wao wowote ungekuwa sawa kwake. Kumbe pande mbili zilikimbilia Kansas na silaha, na damu ikamwagika. Wala hatuwezi kuficha kwamba mke wake wa kwanza, Martha, aliyefariki mwaka 1853, alikuwa amerithi shamba huko Mississippi lenye watumwa zaidi ya 100, na Douglas alipata sehemu ya mapato yake.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kushika neno lake. Rais Buchanan, wa chama chake mwenyewe cha Democratic, alipotaka Kansas ipewe katiba ya utumwa ambayo wakazi wengi hawakuitaka, Douglas alimpinga waziwazi, akajitia katika hatari ya kupoteza kiti chake.

Ndivyo alivyoingia katika uchaguzi wa 1858. Siku zile maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo. Raia waliwapigia kura wabunge tu, na desturi hiyo ilibadilishwa mwaka 1913. Chama cha Republican kilimsimamisha Lincoln. Washindani hao wawili walijibizana mbele ya watu katika miji saba, kuanzia Ottawa tarehe 21 Agosti hadi Alton tarehe 15 Oktoba, saa tatu kila mara. Lincoln alishikilia kwamba utumwa ni uovu, na uovu usiongezwe mipaka, ingawa yeye naye wakati ule hakudai watu weusi wapewe haki zote za raia. Douglas alishikilia uwezo wa wapiga kura kuamua, tena akawachochea wasikilizaji kwa kuwadharau watu weusi.

Kura zilipigwa tarehe 2 Novemba. Wagombea wa Republican walipata kura nyingi zaidi kidogo, lakini viti vilikuwa vimegawanywa kwa hesabu ya zamani ya watu, na wilaya za kaskazini, zilizokuwa zimejaa wakazi wapya, hazikupata haki yao. Bunge lilipokutana tarehe 5 Januari 1859, Douglas alipata kura 54, Lincoln 46.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1860 chama cha Democratic kilipasuka kwa sababu ya utumwa uleule, na Lincoln akachaguliwa kuwa Rais. Douglas alikuwa wa pili kwa kura za raia, lakini alipata kura 12 tu za wateule wa majimbo. Hapa ndipo tunapomwona katika ubora wake. Kabla ya siku ya kura, alipotambua kwamba Lincoln atashinda, alikwenda kusini kuwasihi watu wasivunje umoja wa nchi. Vita vilipoanza Aprili 1861 alimwendea Lincoln, akampa mkono wa msaada, kisha akarudi Illinois kuwaita watu waitetee serikali halali. Kazi hiyo ilikuwa ya mwisho. Alishikwa na homa ya matumbo, akafariki Chicago tarehe 3 Juni 1861, mwenye miaka 48. Mke wake wa pili, Adele Cutts, alikuwa Mkatoliki, na kwa ridhaa yake aliwalea wanawe wawili katika imani hiyo. Yeye mwenyewe hakuingia katika Kanisa.

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho Douglas alikuwa mshindani wa kweli. Lakini kosa lake tulikumbuke pia. Kura humteua kiongozi, na huamua barabara ipite wapi na kodi iwe kiasi gani. Kumfanya binadamu kuwa mali ya mwenziwe si jambo la kupigiwa kura, hata wote wakikubali. Wazazi wawafundishe watoto wao mambo hayo mawili, mapema, kabla hawajapewa karatasi ya kura mkononi.