Munganga Alzheimer na maji ya moto

Jina Alzheimer tunalisikia lopitali kama jina la ugonjwa. Lakini lilikuwa jina la mtu. Alois Alzheimer alizaliwa 1864 Marktbreit, Ujerumani, akasoma uganga, na 1888 akaingia kazi kwenye lopitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt.

Wakati ule mgonjwa akipiga kelele ao kuzunguka usiku, walimufunga ndani ya koti ya mikono mirefu, ao walimutia peke yake katika chumba cha kufuli. Mkubwa wa lopitali, munganga Sioli, hakupenda hiyo, na Alzheimer alimuunga mkono kabisa. Mahali pa kufunga waliweka beseni kubwa la maji ya moto kidogo. Mgonjwa anakaa ndani saa nyingi mpaka roho inashuka. Mtu wa mine anajua hiyo, kisha posti ya usiku. Maji hayakuponyesha, na dawa za usingizi walitoa pia, tusidanganyane. Lakini mtu alitulia bila kufungwa.

1901 bibi ya Alzheimer alikufa, akamuachia watoto watatu. Mwaka ule ule walimuletea mama Auguste, miaka 51, bibi ya mfanyakazi wa reli. Alishuku bwana yake bure, alificha vitu vya nyumba, alilia usiku. Alzheimer alikaa naye, anamuuliza jina, anaandika kila jibu. Mama alishindwa hata kuandika jina lake mwenyewe. Yeye pia walimutia katika maji ya moto.

Katika makambi yetu, mama wa namna hii, ao mzee wa pansio, wanamuita mulozi. Wanamufunga kamba, wanamufukuza. Sisi wa sendika tumeona hiyo, na inatuuma.

Auguste alikufa 1906. Alzheimer, aliyekuwa amehamia Munich, akaomba bongo yake, akaiangalia kwa mikroskopi: chembe nyingi zimekufa, nyuzi zimesokotana, uchafu umegandamana katikati. Ni ugonjwa wa bongo, si ulozi. Mwezi wa 11 aliwaeleza waganga wenzake Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Mkubwa wake Kraepelin ndiye aliyeupa ugonjwa jina, 1910.

Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Kwa kutuliza, waganga wa leo kwanza wanaangalia kama mzee anaumwa, ana kiu, ao anataka kwenda choo, maana hawezi tena kusema. Kisha nyimbo za ujana wake, kumukanda mikono pole pole, kutembea naye muchana.

Alzheimer alikufa Breslau tarehe 19/12/1915, na miaka 51. Karatasi zake juu ya mama Auguste zilipatikana Frankfurt mwaka 1995.