Shekhar Mehta: Aliyefukuzwa Uganda akaja kuwa mfalme wa Safari Rally

Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Miongoni mwa familia zilizopoteza makao yao ilikuwa ya kijana wa miaka 27 ambaye tayari alikuwa na jina katika mbio za magari za Afrika Mashariki. Miezi minane baadaye, wakati wa Pasaka ya 1973, kijana huyo alitangazwa mshindi wa Safari Rally.

Jina lake kamili lilikuwa Chandrashekhar Mehta, lakini mashabiki walimjua kama Shekhar. Hadi alipoacha kushindana, alikuwa ameshinda Safari mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Katika miaka yote ambayo mbio hizo zimekuwa duru ya mashindano ya dunia (WRC), hakuna dereva mwingine aliyefikisha idadi hiyo.

Ushindi huo ulihesabiwa kuwa wa Kenya, nchi iliyompokea. Uganda, alikozaliwa, haukuongezwa kwenye hesabu yake.

Mtoto wa Kampala

Mehta alizaliwa Kampala Juni 20, 1945, katika familia ya wenye mashamba makubwa iliyokuwa na asili ya Gujarat, India. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, kwa gari la BMW. Baadaye alijaribu Peugeot na Renault kabla ya kuhamia Datsun, magari ya Kijapani ambayo wakati huo ndiyo kwanza yalikuwa yakijitafutia sifa.

Mbio alizozitamani zaidi zilikuwa na umri mdogo kuliko yeye. Safari ilianzishwa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa kijana wa Kampala, basi, hayakuwa mashindano ya ugenini.

Na hayakuwa mashindano mepesi. Madereva walikwenda zaidi ya kilomita 5,000 katika siku chache za Pasaka, msimu ambao mvua za masika huwa zimeanza. Barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipishana na malori, mabasi, ng'ombe na wanyama wa porini. Kila dakika ya kuchelewa kufika kituo cha ukaguzi ilikuwa pointi ya adhabu, na mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda.

Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika saba tena. Kampuni za Ulaya zilileta magari na madereva wao bora, lakini hadi 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda. Wenyeji walijua ni mto upi hufurika, tope lipi halina chini na lini mtu apunguze mwendo ili gari lifike.

Mehta alikuwa mmoja wa hao wenyeji. Mwaka 1971 alimaliza wa pili kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, Hannu Mikkola wa Finland akiwa na Ford Escort akawa mgeni wa kwanza kutwaa taji hilo.

Miezi michache baada ya ushindi wa Mikkola, Amin akatoa amri yake. Familia ya Mehta ikaondoka Uganda na kuhamia Kenya.

Taji lililoamuliwa na kanuni

Safari ya 1973 ilikuwa na uzito mpya. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rali, na Safari ilikuwa mojawapo ya duru zake. Mehta aliingia na Datsun 240Z, akiwa na mwelekezi wake Lofty Drews.

Mwishoni, yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun, walikuwa na pointi sawa za adhabu. Baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na matope, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa dakika moja. Ilibidi kanuni ya kuwatenganisha waliofungana itumike, na ikampa Mehta ushindi.

Kisha ukaja ukame wa miaka mitano. Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa ameshinda pia 1965, alitwaa taji 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Ove Andersson, Björn Waldegård na Jean-Pierre Nicolas nao wakapata zamu zao. Mehta aliendelea kurudi kila Pasaka.

Mara nne mfululizo

Zamu yake ilirudi 1979. Mercedes ilikuwa imeleta magari makubwa yenye injini ya lita tano, na Mikkola alikuwa mmoja wa madereva wake. Mehta na mwelekezi Mike Doughty walikuwa na Datsun 160J yenye injini ya lita mbili. Datsun ikafika ya kwanza, Mikkola akawa wa pili.

Mwaka 1980 na 1981 aliyemfuata ni Rauno Aaltonen wa Finland, dereva mwenye heshima kubwa Ulaya ambaye hakuwahi kushinda Safari. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Hapo Mehta akawa ameshinda mara nne mfululizo, zote akiwa na Doughty. Mabingwa wa Ulaya walikuwa wakija na magari yenye nguvu zaidi na kuondoka wakiwa nyuma ya mtu mmoja yule yule.

Hakuwa dereva wa nyumbani tu. Alishindana katika duru za mabara mengine, mara nyingi mkewe Yvonne akiwa kiti cha mwelekezi, na mwaka 1981 alimaliza wa tano katika orodha ya madereva wa dunia. Hiyo ilikuwa nafasi kubwa kwa mtu wa ukanda ambao viwanda vya magari viliutumia zaidi kama uwanja wa kujaribia uimara wa magari yao.

Ajali na kazi ya ofisini

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya nchini Misri, katika Mbio za Mafarao zinazopita jangwani. Aliumia vibaya na safari yake kama dereva ikaishia hapo.

Hakuuacha mchezo wenyewe. Aliingia katika uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) na kuwa rais wa kamisheni ya rali. Mtu aliyewahi kukosa nchi sasa alishiriki kuamua mbio za dunia zipite nchi zipi na kwa kanuni gani.

Katika miaka hiyo Safari, mbio zilizompa jina, ziliondolewa kwenye kalenda ya dunia baada ya mashindano ya 2002. Hakuishi kuziona zikirudi. Alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Safari ilirejea WRC mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, kwa umbali mfupi zaidi na katika barabara zilizofungwa.

Hesabu inayobaki

Madereva wa Kenya wameshinda duru za mashindano ya dunia ya rali mara nane. Mbili ni za Joginder Singh, moja ni ya Ian Duncan aliyeshinda Safari ya 1994 kwa Toyota Celica, na tano zote zilizobaki ni za Mehta. Uganda haina hata moja.

Historia ya kufukuzwa kwa Waasia husimuliwa zaidi kwa maduka yaliyofungwa na viwanda vilivyosimama. Katika michezo, hasara hiyo inasomeka katika mstari mmoja wa matokeo ya Pasaka ya 1973: mshindi ni mzaliwa wa Kampala, na bendera iliyo kando ya jina lake ni ya Kenya.